Shavu la Kushoto

Milcah alichora mstari kwanza, kama kawaida yake. Kwa kalamu nyeupe ya macho alianzia penye maoteo ya nywele, akateremka juu ya pua, akapita katikati ya midomo mpaka kidevuni. Kisha akampaka Kafedha krimu ya ganzi upande wa kulia peke yake, akaufunika kwa karatasi ya plastiki, wakangoja.

"Leo nipake kote," Kafedha alisema.

"Leo ni kulia, dada."

"Mara ya nne hii, kulia."

Milcah aliibandua ile plastiki, akaipanguza krimu. Alikuwa msichana wa Machakos, mkono wake mwepesi, na kazi yake ilikuwa kufanya alichoambiwa. Alifungua pakiti ya sindano, akazipachika kwenye kimashine kilichofanana na kalamu nene, akakiwasha. Sindano zikaanza kumdona Kafedha shavuni, mbio mbio, zikipanda na kushuka. Hapo kliniki waliiita maikroniidling. Kafedha aliiita sindano, basi. Walimweleza kwamba ngozi ikitobolewa vitundu vidogo vidogo hujitengeneza upya, na mashimo ya zamani hujaa. Na msema kweli ni mpenzi wa Mungu: yalikuwa yakijaa. Upande wa kulia ulikuwa umerudi karibu kama alivyozaliwa nao.

Milcah alipofika kwenye mstari akazima mashine, akapanguza damu.

Bi Samiha akaingia na simu mkononi. Ndiye mwenye kliniki, mama wa makamo, mzaliwa wa Kisauni hapo hapo, sauti yake tamu hata akikukatalia jambo unaweza kumshukuru.

"Mashaallah, mashaallah. Geuka nikupige picha, mpenzi. Kulia. Haya, sasa kushoto. Usicheke, ukicheka mashimo yanajificha."

Kafedha hakuwa amecheka.

Mashavu yale yalikuwa na kisa chake. Kwa miaka kumi na mmoja Kafedha alikuwa mpambaji wa maharusi, fundi wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, anajulikana kuanzia Likoni hadi Shanzu. Lakini mpambaji hutazamwa yeye kwanza ndipo itazamwe kazi yake, na wenye harusi walipenda wapambaji weupe. Hakuna aliyesema mweusi hatakiwi. Nani atalisema hilo mbele za watu? Walisema, "Tutakupigia," wasipige. Basi naye akanunua ile krimu ya kopo lisilo na jina ambayo wenzake wote walikuwa wakiipaka. Mwaka wa kwanza akang'aa, simu hazikumpa nafasi ya kula. Mwaka wa tatu ngozi ikachoka. Ikatoa chunusi, chunusi zikaacha mashimo, na mashimo yakazungukwa na madoa meusi kama sufuria iliyounguza wali. Mumewe akaondoka, talaka ikaja kwa ujumbe wa simu. Harusi nazo zikamkimbia, moja baada ya nyingine, kwa adabu kubwa.

Maana watu wana neno lao, kwamba mwari akiwa ndani hupokea kile anachokitazama. Akipambwa na mtu mwenye uso ulioharibika, ataingia nao kwa mumewe. Ukiwauliza wamelitoa wapi hawajui, lakini hakuna mama aliyekuwa tayari kulijaribu kwa bintiye.

Sasa Kafedha alikuwa akikaa peke yake Mtopanga, chumba kimoja, akifua nguo za watu. Alikuwa mtu aliyezoea vyumba vilivyojaa wanawake, vigelegele, udi, sahani ya mpambaji iliyofunikwa na kuwekwa kando asije akakosa nyama. Siku hizi alikuwa akipika kikombe kimoja cha wali na bado kinabaki. Jioni alikaa kitandani akajichora hina miguuni, ili mkono usisahau. Alianza nyayo, akapanda vifundo, akapita magoti. Maua mazuri kweli, na hakuna aliyeyaona. Upweke ulimuuma, tena ulimuuma kuliko njaa, maana njaa alijua dawa yake.

Ndipo Bi Samiha alipomwona barabarani siku moja, ninja yake ya kufunika uso imepeperuka, akamshika mkono. "Mwanamke mzuri hivi! Njoo kwangu, nitakutibu bure. Nami utanisaidia kidogo, nikupige picha." Akampa karatasi za kutia sahihi, kurasa nane za Kizungu. Kafedha alitia sahihi zote, akabusu mkono wa yule mama.

Siku ya pili baada ya kikao cha nne alivuka kwa feri kwenda Bofu, kwa Bi Mastura, aliyekuwa rafiki wa marehemu mamake. Alikuwa amesikia kwamba Mwanarehema, kifungua mimba wa Bi Mastura, anaolewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea wewe. Ivue hiyo ninja nikuone."

Kafedha akaivua. Bi Mastura alimshika kidevu, akamgeuza, akalitazama shavu la kulia kwa muda. Akamgeuza tena. Akamwachia kidevu.

"Huku kumekuwa kuzuri. Na huku mbona hivi?"

"Bado natibiwa, bibi."

"Mimi nakutaka wewe, Kafedha, wala sikufichi. Mkono wako sijauona mwingine. Lakini siku ya hina wakwe watakuwamo humu ndani, na wakwe unawajua. Watasema mama wa bi harusi hakupata mtu mwenye uso mzima." Akamsogezea kikombe cha chai. "Harusi ni baada ya wiki sita. Uso ukiwa sawa wote, kazi ni yako, na dada zake wawili nyuma yake. Nitakungoja mpaka wiki ya mwisho."

"Inshallah, bibi."

"Usiniangushe."

Kwenye feri Kafedha alisimama katikati ya watu, ninja usoni, akilia kwa furaha bila mtu kujua. Harusi moja ya Bofu ilikuwa ikizaa kumi. Angeingia tena chumba cha wanawake, angekaa chini, mguu wa bi harusi ungewekwa mapajani mwake. Alichotaka duniani ni hicho tu. Kilichobaki ni shavu moja, vikao vitatu au vinne.

Kesho yake alikuwa mlangoni mwa kliniki kabla haijafunguliwa.

Bi Samiha alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma. Nyuma yake ukutani ilikuwako picha kubwa ya Kafedha, urefu wa mlango, mstari mweupe katikati ya uso.

"Nimefurahi kusikia hivyo, mpenzi. Lakini upande wa kushoto hatuugusi."

"Hatuugusi mpaka lini, Bi Samiha?"

"Nikikumaliza, nani ataniamini? Kila kliniki ina picha ya kabla na ya baada. Watu wanasema ni uongo, ni watu wawili mbalimbali, ni taa, ni simu. Wewe ni mtu mmoja, uso mmoja. Mteja akikuona hana la kusema. Mwezi huu nimepata wateja thelathini kwa ajili yako."

"Mimi nina kazi huko Bofu. Nikiikosa hii sipati nyingine."

"Na mimi nina kodi ya jengo na mashine ya mkopo. Kila mtu na lake." Akafungua mtoto wa meza, akatoa zile kurasa nane. "Hapa umekubali upande wa kushoto ubaki kama ulivyo mwaka mzima. Hapa umekubali usiutibu popote. Ukiutibu unanilipa vikao vyote vya kulia, bei ya mteja. Si wewe uliyetia sahihi?"

"Kilikuwa Kizungu."

"Ungeuliza, mamangu. Mimi ningekusomea."

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Bi Samiha alikuwa fundi wa kuwamba. Aliinuka, akamkumbatia Kafedha, akampa mafuta ya kujikinga na jua. "Ya kulia," alimkumbusha. "Na tarehe ishirini tuna maonyesho ya harusi pale ukumbini Shanzu. Utakaa kwenye meza yetu. Vaa rangi ya maji ya kunde, inakupendeza."

Milcah alimsindikiza hadi ngazini.

"Nije unifanyie siku asipokuwepo," Kafedha alimnong'oneza.

"Sindano zinahesabiwa, dada. Na kuna kamera." Milcah alitazama viatu vyake. "Mimi nina watoto wawili kwa mamangu. Usinitafutie balaa, tafadhali."

"Sikulaumu."

"Heri ungenilaumu."

Kafedha alitafakari siku tatu. Siku ya nne alikwenda sokoni, kwa mwanamke anayeuza marashi na kucha za bandia, akamuulizia sindano za uso. Alipewa kigurudumu kidogo chenye mkono wa plastiki, kimejaa sindano pande zote. Yule mwanamke akamwambia, "Unaburura tu. Kadiri unavyokaza ndivyo zinavyoingia vizuri." Alikiosha kwa sabuni ya kufulia na maji ya mtungi, maana mfereji haukuwa umetoa maji juma lile. Krimu ya ganzi hakuwa nayo. Akaweka kioo dirishani asubuhi, akasoma Bismillahi, akakaza.

Aliburura mpaka mkono ukachoka. Uliuma mno, lakini maumivu aliyachukulia kuwa dalili njema, kama vile mtu anavyokunywa shubiri. Alipoona damu alifurahi, kwa sababu kwa Milcah damu nayo ilikuwa ikitoka. Baada ya siku mbili akarudia. Wiki sita zilikuwa zimebaki tano, na alikuwa na haraka.

Siku ya kumi shavu lilivimba. Siku ya kumi na moja jicho la kushoto likaanza kufumba lenyewe. Vipele vya usaha vilitoka kwa mistari, sawasawa na kigurudumu kilivyopita, na katikati yake ngozi ikageuka nyeusi. Alikwenda zahanati, akakaa benchi tangu saa moja. Saa saba akaandikiwa dawa ya kwenda kununua nje, kwa kuwa zahanati haikuwa nayo. Alinunua nusu dozi. Alimpigia Bi Mastura, akataka kumwambia tu kwamba anaumwa, apate mtu wa kumpa pole. Bi Mastura alisikia neno uso likitajwa, akakatiza kwa upole. Tayari alikuwa ameongea na mpambaji mwingine, alisema, yule wa Changamwe. Mungu atampa Kafedha heri nyingine.

"Amina, bibi," Kafedha akasema, akaweka simu kitandani, akakaa. Hakuna aliyebisha mlango siku hiyo, wala kesho yake.

Tarehe ishirini aliamka na homa. Angeweza kutokwenda, lakini aliziogopa zile kurasa nane. Alijifikiria mbele ya mahakama, akiulizwa vikao vinne vya bei ya mteja atavilipa kwa kufua nguo za nani. Akaona bora aende mwenyewe akaungame, aombe msamaha ana kwa ana. Akavaa gauni la maji ya kunde. Akajipaka poda nzito shavu la kushoto mpaka ikaganda, akateremsha ninja.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mabinti na mama zao walizunguka meza za maua, za keki, za vitambaa. Meza ya Bi Samiha ilikuwa na ile picha kubwa, taa mbili, na kiti cha kuzunguka.

"Bi Samiha, nina neno kabla hatujaanza," Kafedha alisema. "Nimekosa. Naomba unisamehe."

Akaivua ninja.

Milcah, aliyekuwa akipanga vichupa, aliziba mdomo. Bi Samiha alimsogelea Kafedha. Alichukua pamba, akailowesha maji, akaipangusa poda pole pole, kipande kwa kipande, hadi shavu lote likawa wazi. Kafedha alifumba macho, akangoja matusi.

"Umejifanyia mwenyewe? Nyumbani?"

"Ndiyo, Bi Samiha."

"Kwa vile vigurudumu vya sokoni?"

"Ndiyo."

Bi Samiha alipiga hatua mbili nyuma. Akalitazama la kulia, akalitazama la kushoto, akaishika taa moja akaigeuza.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo. "Hata ningelipia nisingepata hivi."

Kisha akaikunja mikono ya gauni lake, akawa mtu wa kazi. "Milcah, sogeza kiti mbele, watu wamwone wakiingia. Na mpigie yule wa bango, ajiandae kubadilisha maandishi. Kulia, kwetu. Kushoto, nyumbani. Basi, mengine ayatoe." Akamgeukia Kafedha, akamshika bega. "Usiogope kitu, mpenzi. Sikudai hata senti. Ila dawa usinywe kwanza, mpaka nikupige picha nzuri kesho, kwenye mwanga wa jua."

"Bosi, ana homa huyu," Milcah alisema.

"Nimekwambia sogeza kiti."

Milcah akakisogeza.

Walianza kuja wawili wawili, kisha kundi. Bi Samiha aliwaeleza hatari za kujitibu wenyewe, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu, na kila alipofika penye usaha mabinti walivuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akajiandikisha, kisha dada yake, kisha mama yao aliyesema mimi nimezeeka lakini niandike. Kafedha aligeuzwa kulia, akageuzwa kushoto. Taa ilimchoma jicho lililovimba na machozi yakawa yanatoka upande mmoja.

Msichana mmoja, hina ya majaribio bado mbichi kiganjani, alisogea karibu kuliko wenzake. Alikuwa na uso mdogo wa huruma.

"Anaumwa?" akamuuliza Bi Samiha.

"Haumwi, mamangu, amezoea. Mguse uone tofauti."

Yule msichana alinyoosha kidole kuelekea shavu la kushoto.