Magugu ya Mama Mkwe

Advera hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomponza. Angekuwa mvivu kama wake za watu wengine ninaowajua mimi, angelala mpaka jua limchome mgongo, asingeshuka bondeni na jembe, na mama mkwe wake asingepiga ule ukelele uliowatoa majirani ndani.

Lakini tumwelewe. Alikuwa amekuja kijijini, huku Sikonge, kupumzika. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Tabora mjini bila pumzi. Wa kike, amekamilika mpaka kucha. Mumewe Doto, fundi seremala, alimzika pamoja na majirani wakati Advera bado yuko kitandani hospitali. Advera aliporudi nyumbani, mtaa wa Kitete, alikuta nguo za mtoto zimeshaondolewa, na kila anayeingia kumjulia hali anazungumzia mvua. Doto akamwambia, "Nenda kwa mama ukapate nguvu." Akampandisha basi na kapu lake.

Kwa Tekla, mama mkwe, alipokelewa kwa uji wa ulezi, maji ya moto ya kuoga, na ukimya. Chai ipo, asali ipo, maneno hakuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala."

Basi, imetoka hiyo mpaka kesho. Advera akaamini moyoni mwake kwamba huyu mama anamwona mkosaji, mwanamke aliyemnyima mjukuu. Na mtu akishashikwa na wazo la namna hiyo, jamani, kila kitu kinalitolea ushahidi. Tekla akikohoa, ni yeye anasemwa. Tekla akifukuza kuku, ni yeye anafukuzwa.

Kwa hiyo akaamua kumpata kwa kazi. Akafagia uwanja, akasugua masufuria mpaka ungeweza kujitazama, akajaza maji hata mitungi iliyokuwa imejaa. Kwao Bukoba mwanamke anapimwa kwa shamba lake. Kaburi la babu liko pale pale migombani, hatua chache kutoka mlangoni, limesakafiwa, na mke atakayeacha jani liote kando yake atasemwa na ukoo mzima.

Asubuhi hiyo Tekla alikuwa amekwenda kusali na jumuiya. Advera akashuka bondeni, penye kisima, kando ya majaruba ya mpunga, mahali ambapo udongo hauishiwi unyevu hata kiangazi kikali. Akaona kitu kilichomkera. Majaruba yote yamepaliliwa safi, ila kipande kimoja chenye ukubwa wa mkeka kimefunikwa na yale magugu yanayotambaa, yenye maua madogo ya buluu yanayofumbua asubuhi na kunywea mchana. Unayajua. Kila kabila lina jina lake la magugu hayo, na kila mkulima ana tusi lake.

"Maskini, mama amezeeka," alijisemea. "Ngoja nimsaidie."

Akang'oa. Magugu yale yana ukaidi: unavuta hapa, yanakatikia pale, yanakucheka. Na ukiyatupa chini, mvua moja tu yanashika mizizi upya. Advera alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo aliyakusanya yote akayatundika juu ya kisiki, mbali na udongo. Akasawazisha pale mahali vizuri kabisa. Akarudi nyumbani jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa anaimba.

Tekla alirudi kwa njia ya kisimani. Ndipo ukelele ulipopigwa.

Advera alitoka mbio akidhani ni nyoka. Alimkuta mama mkwe wake kasimama mikono kichwani, anautazama ule udongo mweusi uliolala wazi.

"Nani? Nani amefanya hivi?"

"Mimi, mama. Nimepalilia."

"Umepalilia," Tekla akarudia. Kisha akakaa chini kwenye tope, na kitenge chake kizuri cha jumuiya. "Kulwa yuko hapo."

Advera alilijua jina hilo. Panapokuwa na Doto, palikuwa na Kulwa aliyetangulia kuzaliwa, na mumewe alikuwa amemwambia tangu uchumba wao kwamba pacha wake alikufa mchanga. Lakini hakuwahi kuuliza alizikwa wapi. Alipofika kijijini alitupa macho kuzunguka nyumba, hakuona kaburi, akafikiri yuko kwenye makaburi ya kanisa.

"Kwetu mtoto aliyekufa kabla ya kuota jino hapelekwi makaburini," Tekla alisema, sauti imekauka. "Wanawake wanamlaza penye ubaridi, karibu na maji. Hawekewi tuta wala msalaba. Mama mkwe wangu ndiye aliyepanda haya majani. Akaniambia, haya hayafi, mwanao utamjua kwa haya. Nikija kuteka maji, namwamkia."

Advera akapiga magoti pale pale kando yake.

"Nisamehe mama! Wangu nilimwua tumboni, na sasa nimemfukua na wa kwako!"

Tekla aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nani kakwambia ulimwua?"

"Si wewe? Hunisemeshi, mama. Tangu nimekuja hunisemeshi."

"Mimi?" Tekla alijishika kifua. "Mimi Tekla? Yesu wangu! Sikiliza. Kulwa alipokufa watu walinijazia maneno nyumba nzima. Utazaa mwingine. Si unaye Doto. Mungu kampenda zaidi. Nilichoka maneno mpaka nikatamani kuziba masikio kwa nta. Nikaapa, siku mwenzangu akifikwa, sitamtwisha maneno, nitampikia uji. Kumbe uji wangu unakuchoma! Nisamehe wewe, mwanangu."

Akamvuta. Wakalia wote wawili pale kwenye tope, kilio cha sauti, kile ambacho Advera alikuwa amekikalia tangu hospitali. Majirani waliokuwa wamefika kutazama nyoka wakarudi polepole makwao, wasiulize kitu.

Baadaye waliyashusha magugu kutoka kwenye kisiki. Hayakuwa yamenyauka hata kidogo, maua mengine bado yamefumbua. Wakayarudisha ardhini kwa mikono, kipande kwa kipande, Advera akionyesha mwisho wa pale alipokuwa amepalilia. Mwanamke akifanya kazi na mwanamke mwenzake, maswali huja yenyewe.

"Na wako, mmemlaza wapi?" Tekla aliuliza.

Mikono ya Advera ikasimama. "Sijui."

"Hujui?"

"Doto anajua. Nilimwuliza, akasema tuyaache hayo."

Tekla aliinuka. Alinawa mikono, akafungua pindo la kitenge, akatoa simu.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya Doto, randa inasikika kwa nyuma.

"Marahaba utaipata ukishanijibu. Mtoto wenu yuko wapi?"

Randa ikanyamaza. "Mama… sikutaka alie."

"Kwani sasa hivi anacheka? Mimi nilikunyonyesha wewe huku namtazama mwenzio kila nikiteka maji, ndiyo maana hukulelewa na kichaa. Kesho utupokee stendi." Akakata.

Kesho yake wakapanda basi la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Hawakubeba jani hata moja. Makaburi ya mjini yako kwenye mchanga mkavu, na Tekla alisema kila mtoto na pake. Doto aliwapokea, akachukua kapu la mkewe, akatangulia mbele.

Makaburini alipita katikati ya misalaba kwa hatua za mtu anayeijua njia vizuri. Akasimama penye kituta kidogo, kimefagiliwa.

"Ni hapa," alisema, na midomo ikaanza kumtetemeka. "Kisanduku nilikitengeneza mwenyewe. Nakuja kila Jumapili, Advera. Nilisema naogopa utalia, kumbe ni mimi nilikuwa sitaki unione hivi."

Advera alimshika mkono. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anampenda, vyote viwili kwa pamoja. Alichuchumaa akaweka kiganja kwenye mchanga wa moto, akakiacha hapo.

"Anaitwa nani?" Tekla aliuliza.

"Hakubatizwa, mama," Doto alisema. "Hatukumpa jina."

"Analo," Advera alisema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mpaka siku hiyo. "Nilikuwa namwita akiwa tumboni, wewe ukiwa kazini. Consolatha."

Tekla alikunja kitenge, akakaa chini kando ya kituta kama mtu aliyefika kwa jamaa na hana haraka ya kuondoka.

"Haya, Consolatha," alisema. "Mimi ndiye bibi yako wa Sikonge. Na huyu ni mama yako. Amechelewa kwa sababu hakuonyeshwa njia."