Majina Aliyobatiza Mzee Thøger

Mzee Thøger Krag alipokufa, mji wa Hvidsund ulimlilia kwa adabu, kisha ukarudi nyumbani umejaa nafuu. Karibu kila mwanamume aliyebeba jeneza alikuwa akidaiwa na aliyelala ndani yake.

Aliyeachiwa kazi ya kudai ni binti yake Sofie, mwanamke wa makamo asiyeolewa. Yeye mwenyewe alisema kila mchumba aliyewahi kubisha hodi alianza kwa kukopa. Aliachiwa duka la kahawa, chumvi na mbao, benki ya chumba kimoja nyuma ya duka, na rafu nzima ya madaftari. Pia aliachiwa Bwana Hviding wa benki kubwa ya Aalborg, ambaye ndiye aliyemkopesha mzee mtaji. Siku ya maziko, huku akitafuna keki ya wafiwa, Bwana Hviding alimwambia kwamba Krismasi ikifika bila fedha zake, atachukua duka na nyumba.

Sofie hakuogopa. Wadaiwa walikuwa tele. Wangelipa, Aalborg ingelipwa, na chenji ingebaki. Akafungua madaftari, akasoma majina, akayarudia tena.

Pande zile nusu ya wanaume wanaitwa Jens mwana wa Niels, na nusu nyingine Niels mwana wa Jens. Mzee Thøger alichoka kuwatofautisha, akawabatiza upya. Juu ya ukurasa mmoja aliandika Jens Maziwa-Maji. Juu ya mwingine, Niels Kojoa-Upepo. Palikuwa na Jens Mke-Kasema, na Niels Alala-na-Viatu. Kila aliyetoa au kupokea fedha alitia sahihi chini, na wakati huo mzee alikuwa akikilaza kiganja chake kipana juu ya jina, kama anayeupumzisha mkono. Sahihi zenyewe hazikusaidia kitu: ni Jens na Niels watupu, na misalaba ya wasiojua kuandika.

Sofie akawaendea wanaume mmoja mmoja. Wote walimpa pole ya msiba. Wote waliapa kuwa hawamjui Kojoa-Upepo ni nani, ingawa mmoja alikuwa na suruali yenye maji alipokuwa akiapa.

Basi akaacha wanaume, akaalika wake zao kunywa kahawa. Alioka biskuti za siagi, akamimina kahawa isiyo ya kubania, akafungua daftari na kusoma jina la kwanza. Jens Maziwa-Maji.

Wakatazamana. Kisha Kirsten wa kinuni akaweka kikombe chini. "Huyo si mumeo, Birthe? Maziwa ya kwenu hata paka anayapita."

"Wangu anachanganya maji, sikatai," Birthe akajibu taratibu. "Soma lile la viatu, Bi Sofie. Shoga yangu Kirsten ana shuka zenye tope mwaka mzima."

Baada ya hapo Sofie alikuwa na kazi moja tu, kuandika haraka. Kila aliyetajiwa mume wake alimtaja wa jirani, na wa jirani akalipiza kwa wawili. Biskuti ziliisha, majina yakazidi kunoga. Likabaki moja, lenye deni refu la mvinyo: Amina-Nipe-Chupa. Wanawake wote wakainamisha macho, maana mke wa mchungaji alikuwa amekaa katikati yao.

Yeye akachovya kipande chake cha mwisho kwenye kahawa. "Msitazame sakafu, haijakopa kitu. Huyo ni wangu."

Kabla ya jioni, mji mzima ulikuwa unajua nani ni nani. Sofie akatangaza kwamba atakayemaliza deni, jina lake litafutwa kwa wino mweusi mbele ya macho yake. Wanaume walipanga foleni hadi barabarani. Mchungaji alikuja wa kwanza, amevuta kofia hadi puani.

Bwana Hviding alifika kabla ya Krismasi, akiwa na kofia yake ndefu kichwani na kamba ya kupimia vyumba mkononi. Katika chumba cha benki nyuma ya duka, Sofie akampangia mezani kroner zote za deni, hakuna iliyopungua. Bwana Hviding akahesabu mara ya pili, uso ukimshuka, kisha akakumbuka kwamba kuna faini ya kuchelewa.

"Italipwa," Sofie akasema. "Tia sahihi kwanza, hapa chini. Ndivyo alivyofanya baba."

Akamfungulia ukurasa wake. Kiganja cha mzee Thøger hakikuwepo tena juu yake. Bwana Hviding akasoma polepole: Ruba wa Kofia Ndefu. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko yote, juu ya sahihi zake mwenyewe za miaka mingi. Dukani, Kirsten na Birthe walikuwa wakichagua sukari kwa muda mrefu mno.

"Hili linafutwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Linafutwa, Bwana Hviding. Ila wino wa kufutia ni ghali. Bei yake ni sawasawa na faini yako."

Bwana Hviding akatazama mlango wa dukani. Akavua kofia, akaiweka chini ya meza, akatia sahihi.