Mkalimani wa Mheshimiwa

Swali lilitoka kwa mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, Jumapili saa nane mchana, wakati Mwatima amesimama jikoni kwake Saltley, Birmingham, anakaanga sambusa. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Mjadala ulikuwa unarushwa mubashara, na watu zaidi ya mia nne walikuwa wakisikiliza, wengine wa Birmingham na London, wengine huko huko Unguja.

Wiki ya tatu hiyo, watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Mheshimiwa Feisal Mkubwa, mwakilishi wa jimbo walikotoka wengi wao, alichangiwa na watu wa ughaibuni anunue mashine nne za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Mashine zilinunuliwa Birmingham, zikapakiwa kontena, zikafika, zikazinduliwa kwa ngoma na mapilau. Sasa fundi mmoja wa hospitali alikuwa amesambaza picha: mbili hazijapata kuwaka hata siku moja, na chini ya rangi mpya kuna kutu. Karatasi ya manunuzi ilisema mpya zote nne, kwa bei ya mpya. Fedha iliyobaki ilikwenda wapi, kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Mheshimiwa ndiye aliyeibiwa!" alifoka mwanamme mmoja simuni. "Kiingereza hakijui. Kauziwa makuukuu, kaambiwa mapya. Kosa lake nini?"

Ndipo yule mwanamke akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Kama Kiingereza hakijui, walizungumza vipi na huyo muuzaji? Nani alikuwa anamfasiria?"

Sambusa ziliungua. Mwatima alizitazama zinavyogeuka nyeusi, upawa wa matundu mkononi, na mkono usisogee. Binti yake, Leena, alishuka ngazi mbio akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kitu gani kinanuka. Mwatima akazima moto, akazima na simu, akafungua dirisha.

"Hakuna kitu, mwanangu. Mafuta tu."

Mafuta yalipoa. Mwili wake ulikuwa umepoa kabla yao.

Kazi ya Mwatima ilikuwa hiyo hiyo ya ukalimani, miaka kumi na moja sasa. Alikaa kwenye zahanati na hospitali pembeni mwa wajawazito na wazee wenye kisukari, akichukua maneno ya daktari na kuyapeleka kwa mgonjwa, na ya mgonjwa kuyarudisha kwa daktari. Sheria ya kazi ni kutopunguza na kutoongeza. Na unasema "mimi" mahali mwenyewe aliposema "mimi," maana wewe hapo hupo.

Miaka mitatu nyuma, Rashad alimwomba asaidie kidogo. Rashad alikuwa muuza vitambaa wa barabara ya Alum Rock na mwenyekiti wa kamati ya michango, mtu wa watu, anayejua jina la kila mtoto. "Mheshimiwa kaja kuangalia mashine, dada. Saa moja tu. Thawabu yako kwa Mungu." Akampakia garini hadi mtaa wa viwanda wa Tyseley, kwenye ghala moja nyuma ya karakana za chuma, akamwacha mlangoni yeye akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Kwa hiyo ndani walikuwa watatu tu: Mheshimiwa, Mwatima, na mzungu mwenye ghala, mzee aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu.

Yule mzee hakudanganya. Alisema mashine mbili za kushoto ni nzima, na mbili za kulia zimekwisha. Asiunganishwe mtu nazo kabisa, ni za kutolewa vipuri. Mwatima akafasiri neno kwa neno. Mheshimiwa akaipapasa ile ya kulia kama anayepapasa mbuzi wa Idi.

"Mwambie zote nne nazichukua," akasema. "Na karatasi aandike mpya. Kule kwetu nani atakayezipasua tumbo?"

Na hilo nalo Mwatima alilifasiri. Kinywa chake ndicho kilichosema kwa Kiingereza, mimi nazichukua zote, mimi nataka uandike mpya. Yule mzee hakumtazama Mheshimiwa. Alimtazama yeye, kwa muda, kisha akavaa miwani akaandika. Mwatima alirudi nyumbani akajiambia kuwa mkalimani ni mfereji tu, maji si yake. Picha za uzinduzi zilipokuja hakuzifungua.

Rashad alipiga simu Jumatatu, Mwatima akiwa kituo cha basi.

"Dada yangu, hujambo? Leena hajambo? Umesikia mapumbavu ya mitandaoni?"

"Nimesikia."

"Watu wana husuda. Sasa wewe usijisumbue. Mtu akikuuliza, hukuwepo. Kwani nani alikuona?" Akacheka kidogo. "Na kaka yako Abdulnasir yupo pale pale bandarini? Kazi nzuri ile. Mheshimiwa ndiye aliyempigia debe, unakumbuka? Basi, nisalimie nyumbani."

Hakuna neno la ubaya alilosema. Mwatima alilipindua kila moja, akatafuta la kumshika nalo, hakuliona. Basi lilikuja likaondoka, na yeye kasimama.

Siku mbili baadaye kaka yake akapiga mwenyewe. Alizungumza chini chini kama aliye msibani.

"Wamekuja watu wawili kwa mama. Vijana wa heshima tu, na kanzu zao. Wamekunywa kahawa barazani, wamemwuliza presha yake inaendeleaje. Halafu wakamwuliza: binti yako wa Birmingham bado anafasiri?"

"Mama kasema nini?"

"Mama ana la kusema? Kasema anakula kwa kazi hiyo. Kawapa na halua. Mwatima, mie sijakuuliza ulisikia nini. Wala usiniambie. Mie n'na watoto wanne. Funga mdomo, dada'angu. Nakuomba."

Tangu hapo woga ukahamia nyumbani kwake. Aliondoa jina lake kwenye makundi yote ya simu. Alimkataza Leena kupitia Alum Rock akitoka chuoni. Gari jeupe likisimama mtaani, alihesabu dakika mpaka liondoke. Alhamisi ya wiki iliyofuata, alasiri, mlango uligongwa kwa kishindo mara tatu, na Mwatima, bila kujua afanyalo, akamvuta Leena wakachutama chini ya ngazi, kiganja chake kimeziba mdomo wa mtoto wa miaka kumi na sita. Walikaa hivyo wakisikia pumzi zao. Mlango ukagongwa tena. Kisha sauti ya jirani yao, Sukhjinder, ikasema kwa Kiingereza kuwa ana kifurushi chao, amekipokea asubuhi, anakiacha hapa.

Leena aliutoa mkono wa mama yake mdomoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akasema Kiswahili.

"Mama. Umefanya nini?"

Mwatima alifungua mlango kidogo, akakivuta kifurushi ndani, akaufunga tena kwa komeo.

Mtu wa kwanza ambaye Mwatima alimweleza yote ni Léocadie, mkalimani mwenzake, Mkongomani wa Uvira, aliyekuwa akikutana naye kwenye chumba cha kungojea cha zahanati moja ya Newtown. Léocadie alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa Mkristo wa kanisa kila siku, na mtu wa kicheko, lakini siku hiyo hakucheka.

"Unaona, miye nilinyamaza," alisema. "Kwetu tulimuona chef mmoja, mukubwa wa pale, anauza dawa za bure za wakimbizi. Bwana yangu akasema, tunyamaze, tuko na batoto. Tulinyamaza, na bado balikuja kuchoma nyumba, sababu balijua tunajua. Woga haikutulinda, Mwatima. Ilitulinda siku ngapi? Siku kidogo tu."

"Kwa hivyo niseme?"

"Sikuambie useme. Ni mama yako iko kule, haiko wangu." Akamshika mkono. "Ninakuambia tu, hao batu balishakuhesabu tayari, unyamaze ao useme."

Jumamosi ile kamati iliitisha mkutano wa hadhara, saa tano asubuhi, kwenye ukumbi mmoja Newtown chini ya majumba marefu ya kupangisha ya halmashauri ya jiji. Rashad alipiga tena. "Njoo ukae mbele na sisi, dada. Huna la kusema. Ukae tu, watu waone tuko pamoja."

Mwatima alikwenda. Hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu aliogopa kutokwenda. Alimwomba Léocadie amsindikize. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, ukumbi ukanuka makoti mabichi. Watu walikuwa wengi kupita viti. Wengine walisimama ukutani, nao walikuwa wamekwisha kugawanyika, wa Mheshimiwa kulia, wanaotaka fedha zao kushoto, wakirushiana maneno kuhusu nani alichanga na nani alikula pilau ya bure.

Ukutani wakawasha skrini, na uso wa Mheshimiwa Feisal ukatokea mkubwa kuliko mlango. Alikuwa amevaa kofia iliyodariziwa vizuri, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Ndugu zangu, mimi sina elimu ya wazungu. Niliamini nilichoambiwa. Nilikuwa na mkalimani, mwenzetu, mtoto wa nyumbani. Nikaambiwa mashine ni mpya, nikaamini. Kama alikosea kufasiri, ni binadamu. Mimi nimekwisha kumsamehe. Nanyi msameheni."

Ukumbi ukavuma. Mwatima aliwatazama waliokaa naye mstari wa mbele, akaona hakuna hata mmoja anayemwangalia, na hapo akaelewa kwa nini kiti hiki kiliwekwa.

Rashad alikuwa ameshika kipaza sauti. "Dada Mwatima yupo hapa, kaja kwa hiari yake. Kiingereza cha kiufundi kilimshinda, hakuna ubaya. Dada, sema neno moja tu la samahani, tumalize." Akampa kipaza sauti, akamwinamia sikioni: "Abdulnasir anakusalimu."

Mwatima alisimama kwa kushika mgongo wa kiti. Watu mia mbili walikuwa wakimngoja akiri, na neno lenyewe alikuwa nalo ulimini: samahani. Lingemtosha. Angekuwa mjinga tu, na wajinga huachwa wakaishi.

Lakini mzee mmoja wa kushoto akapiga ukelele, "Mkalimani gani asiyejua neno 'mpya'?" na watu wakacheka. Kicheko kile kilimchoma mahali ambapo vitisho havikufika. Miaka kumi na moja. Wanawake aliowashika mikono wakiambiwa wana saratani, na hakuwahi kukosea neno moja.

"Mie sitasema langu," akasema. "Mie ni mkalimani. Nitafasiri kilichosemwa."

Akageukia kushoto kidogo, kama afanyavyo kazini, akasema Kiingereza cha yule mzee wa Tyseley, polepole, kisha kwa Kiswahili: "Hizi mbili zimekwisha. Usimuunganishe mtu nazo. Nakuuzia vipuri tu." Akageukia kulia. "Mwambie zote nne nazichukua. Na karatasi aandike mpya. Kule kwetu nani atakayezipasua tumbo?"

Hakumwigiza. Lakini maneno yalikuwa yake Mheshimiwa, yamepinda anavyoyapinda yeye, na wote waliokwisha kumsikia jukwaani waliyatambua. Kwenye skrini uso mkubwa ulifungua mdomo, ukageuka pembeni kumtazama mtu asiyeonekana, na picha ikakatika.

Baadaye kilichofuata alikikumbuka vipande vipande. Kiti kilianguka. Mwanamke mmoja alimwita msaliti, mwingine akamshika akamkumbatia mpaka ushungi ukamvuka. Rashad alikuwa akisema "Haya, haya, jamani" bila kipaza sauti. Hasmukh, mwangalizi wa ukumbi, aliwasha taa zote akawaomba watu watoke. Léocadie alimshika mkono akamtoa mlango wa nyuma, hadi nje kwenye mapipa ya taka.

Mambo hayakwisha vizuri, wala hayakwisha vibaya kabisa. Mmoja wa waliochanga alimtafuta yule mzee wa ghala, naye akatoa nakala ya barua aliyoiambatanisha na ile karatasi ya 'mpya' siku ile ile, yenye onyo la mashine mbili. Kesi ilifunguliwa nyumbani, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena; Mheshimiwa bado anakaa kiti chake na bado anahutubia. Kwenye maduka ya Alum Rock wako wanaomsalimu Mwatima kwa mikono miwili, na wako wanaogeuza uso. Rashad husalimu kama zamani, na hilo ndilo humtisha zaidi.

Abdulnasir alihamishwa bandarini ndani ya siku nane, akapelekwa kituo kidogo Pemba, mbali na wanawe. Hapigi simu. Mama alikaa mwezi mzima bila kupokea, na Mwatima alipiga kila siku baada ya sala ya adhuhuri, akiisikia simu ikiita barazani mpaka ikajikata.

Siku aliyopokea, mama hakutoa hata salamu.

"Wale vijana wamerudi," alisema. "Safari hii hawakunywa kahawa. Wakaniuliza, huyu mkalimani ni mwanao kweli?"

Mwatima alishika meza. "Ukasema nini, mama?"

"N'kawaambia ndiye. N'kawaambia huyo ni kitinda mimba wangu, na kunyonya kanyonya mpaka miaka miwili." Alipumua kwa shida, kama aliyepanda ngazi. "Usije mwaka huu, mwanangu. N'takufa na hamu, lakini usije."