Meza ya Bimdogo

Jumamosi moja, miezi michache kabla ya Uhuru, Shaibu alitandika mkeka uani kwake Kirumba, akajiingiza chini ya pikapu yake na spana mkononi. Alitaka kufunga mbao za kukanyagia, moja kila upande, ili mtu anayepanda mbele asiinue mguu kama anayeruka mtaro. Pikapu ilikuwa kuukuu, ya kijani, imekaa juu sana, na ilikuwa imenunuliwa kwa furu.

Furu wenyewe, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa vizuri, waliuzwa na mkewe Bimdogo, juu ya meza ya mvule aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Aliisimamia meza ile mvua na jua mpaka ikashika alama za viwiko vyake. Shaibu alikuwa mtu wa kusema "gari langu" hata usingizini. Bimdogo alipanda nyuma pamoja na magunia, kwa sababu mbele ni mahali pa wanaume na wageni wa wanaume. Jambo hilo lilimuuma. Alitaka kitu kimoja tu: afike Magu kwa mama yake akiwa amekaa mbele, kioo kimeshushwa, mkono uko nje, na mama amwone.

Asubuhi hiyo Bimdogo alikuwa msibani kwa jirani. Shaibu aliitoa meza stoo, akaivunja.

"Sasa tuna gari. Meza ya nini?" alimwambia Luhaga, fundi mitumbwi wa kutoka Ukerewe, aliyekuja kumsaidia kutoboa matundu ya boliti.

"Umemwomba mwenyewe?" Luhaga aliuliza.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye meza. Kwetu ubao uliokwisha tumika hautobolewi mpaka mwenyewe akubali. Ukijitia kutojua, mtumbwi unampeleka yeye, wewe unakuacha majini."

"Hii ni pikapu, Luhaga. Haiogelei."

Luhaga akaendelea kuzungusha keekee.

Walifunga vyuma vilivyopindwa kwenye chesisi, wakalaza mbao juu yake, wakakaza nati. Shaibu akapangusa mikono, akainua mguu. Ubao ukapanda mpaka usawa wa goti lake. Akainua mguu zaidi. Ubao ukapanda mpaka kifuani na kuziba mlango. Shaibu akauchunguza, akasema nati hazijakaza. Wakakaza tena, na ubao ukapanda tena, safari hii ukiwa umekazwa vizuri.

Bimdogo aliporudi kutoka msibani alisimama mbele ya pikapu, khanga ikiwa bado kichwani.

"Meza yangu hiyo."

"Ilikuwa," Shaibu alisema.

Bimdogo akapeleka mkono kwenye alama za viwiko. Ubao ukashuka taratibu mpaka ukalala mchangani. Wa upande wa pili nao ukashuka. Alipoukanyaga, ukamwinua mpaka usawa wa kiti, akaingia, akakaa mbele. Alikaa muda wa kushusha kioo.

"Vizuri sana," Shaibu alisema. "Sasa shuka, nipande mimi kabla haujainuka."

Akashuka. Alikuwa ameshushwa mahali pengi kabla ya hapo, na miguu ilikwisha zoea.

Kirumba nayo ilizoea upesi. Watu walimkuta Shaibu amesimama kando ya gari lake, akingoja mkewe amalize kusonga ugali aje amshushie mbao, wakamsalimu na kupita. Hakuna aliyeshangaa. Mtaa wa pili kulikuwa na mzee ambaye kivuli chake kilimtangulia msikitini kumshikia nafasi, na huyo hakuwahi kusumbuliwa kwa maswali. Shaibu alijaribu kuzifungua mbao. Nati zilizunguka mchana kutwa bila kutoka. Tena, kusema kweli, hakutaka zitoke, maana watu walikuwa wamezisifia na kichwa kilikwisha vimba.

Ikaja siku ya Uhuru. Jirani yao, Bwana Mayala, alikuwa mwenyekiti wa sherehe, na alitakiwa kwenda kuhutubia Magu. Gari lilikuwa la Shaibu.

"Baba Sihaba," Bimdogo alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao, "leo tunakwenda Magu. Niache nikae mbele, mama anione. Tukishaonana nitahamia nyuma."

"Na mwenyekiti akae wapi?"

"Nyuma kuna magunia laini."

Shaibu alicheka mpaka akapaliwa. Alidhani ni utani.

Basi Bimdogo akaushusha ubao. Bwana Mayala, katika suti mpya na kofia pana, akaukanyaga, akasema, "Ahsante sana, mama. Serikali yetu itawakumbuka," akaingia. Bimdogo akazunguka, akaparamia nyuma.

Huko Magu, mama yake Bimdogo, Bi Moza, alikuwa amekaa kando ya barabara tangu asubuhi na khanga mpya. Pikapu ilipotokea akatazama kioo cha mbele. Alimwona Shaibu. Akaiona kofia. Akaendelea kutafuta kichwa cha tatu mpaka gari likasimama mbele yake.

Milango haikufunguka. Mbao zilikuwa zimeiziba.

"Bimdogo!" Shaibu aliita.

Bimdogo akashuka, vumbi limejaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Bimdogo akaweka mguu kwenye ubao, wanaume wakashuka. Bwana Mayala akapanda jukwaani, akatangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna tena mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Watu walipiga makofi mengi. Bimdogo naye alipiga, kwa sababu hotuba ilikuwa nzuri.

Bi Moza hakusikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikapu, akipapasa alama za viwiko. Mbao zilikuwa zimelala chini pande zote mbili.

"Hii ni meza niliyokupa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umekaa wapi?"

Bimdogo akayatazama magunia. Machozi yalimlenga, akasingizia vumbi.

Hotuba ilipokwisha, Bimdogo aliweka tena mguu kwenye ubao, wanaume wakapanda. Bi Moza akavua viatu, akavishika mkononi, akaparamia nyuma bila kumwomba mtu. "Sogea," alimwambia binti yake, wakakaa bega kwa bega.

Pikapu ikaondoka. Kuanzia Kisesa mpaka mjini magurudumu ya mbele yaligusa barabara mara chache tu. Bwana Mayala alishika kofia yake na kusifu upepo.

Walipofika Kirumba, Shaibu alimwita Luhaga kupitia dirishani, akamwambia gari limelemea nyuma, atazame springi. Luhaga akalala kwenye mkeka, akatazama kwa makini.

"Springi ni nzima."

"Basi tutaweka ngumu zaidi," Shaibu alisema, akaita, "Bimdogo! Mbao!"

Bimdogo alikuwa anamshusha mama yake kwanza. Shaibu na mwenyekiti wakangoja.