Natandika, Silali

Alishuka kwenye boti na begi moja mgongoni, mayai mawili ya kuchemsha mfukoni na anwani ya hoteli iliyoandikwa nyuma ya bahasha. Wageni wengine walipokelewa kwa magari. Yeye alipokelewa na mvua ya rasharasha, ile isiyolowesha ila inakera. Akaenda kwa miguu.

Kitanda cha bei ya chini kabisa kilikuwa cha juu, chumba cha watu wanane, kando ya ukuta wa choo. Mtu wa mapokezi alimuuliza kama amekuja kutembea. Akasema hapana, amekuja kumchukua mdogo wake, yule mtandika vitanda aliyefariki mwaka jana.

"Chiriku? Yuko ghorofa ya pili. Akimaliza mashuka atashuka."

Dada mtu akashukuru, akakaa kwenye benchi, akamenya yai la kwanza.

Chiriku alipougua homa aliomba ruhusa ya siku tatu. Meneja akamwambia asubiri wageni wapungue. Hawakupungua. Alifia chumba cha mashuka, akazikwa hukohuko, na barua ikafika nyumbani mwezi mzima baadaye. Fomu yake ya ruhusa haikutiwa sahihi, na Chiriku tangu utotoni hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Siku ya pili baada ya mazishi, saa mbili kamili asubuhi, akaingia kazini.

Mama yao aliacha godoro la Chiriku wazi, bila shuka. Mwenyewe akija atatandika, alisema. Na dada alipofunga begi, mama alimwambia neno moja tu: usirudi bila mwanangu.

Chiriku alishuka na mashuka yamemfika kidevuni. Sakafu ilikuwa mbichi kwa kudekiwa, na nyayo zake hazikuacha alama.

"Dada, umenenepa."

"Ni koti."

"Haya, koti. Shika pembe hiyo."

Wakakunja shuka kumi na nne, na dada akampa salamu za nyumbani zote, mpaka za kuku. Kisha akaenda kwa meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya, alimvutia kiti. Akaeleza kwamba tangu afariki, Chiriku haugui, hali chakula, wala hachelewi. Mfanyakazi kama huyo atampata wapi?

"Na huu ni msimu, mama. Wageni wakipungua tutaona."

Dada alirudi chumba cha mashuka, mikono mitupu. Chiriku alikuwa akivisha mto foronya.

"Kitendawili," akasema, kama zamani walipokuwa wakilala kitanda kimoja, mzungu wa nne.

"Tega."

"Natandika kila siku, silali."

Dada alijua jibu. Lilisimama mbele yake, limeshika mto. Ulimi ukakataa kulitaja. Lakini toka utoto wao sheria ya mchezo ilikuwa moja: anayeshindwa hutoa mji.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa kwetu. Kwa mama, na mlango wake, na kile kitanda kilicho wazi."

Chiriku alinyoosha foronya kwa kiganja, taratibu.

"Nimeupokea. Ila nina saa moja tu, ile ya chakula cha mchana. Bahati nzuri mimi sili."

Dada alivuka maji peke yake. Mama alitazama nyuma ya mgongo wake mpaka kwenye njia, kisha akamwambia aingie, uji unapoa.

Kesho yake, saa nane mchana, walikikuta kitanda kimetandikwa. Shuka limevutwa likakaza, pembe zimechomekwa kama za wageni, taulo limekunjwa miguuni. Mama akaweka kiganja juu ya mto. Ulikuwa baridi. Hakuna kichwa kilichowahi kuulalia.

Ikawa hivyo kila siku, na fomu bado haijatiwa sahihi. Na kila asubuhi mama hukitandua kitanda, akalikunja shuka na kuliweka kando. Dada alimwomba amwache mtoto angalau apumzike.

"Nikikiacha kimetandikwa," mama alisema, "atakuja kufanya nini?"