Ukuta wa Nyuma

Kitongoji chetu kimejengwa mlimani, na mtu akikuuliza njia unamwelekeza kwa tangi. Ni tangi la maji la zege, limesimama kileleni tangu enzi za babu zetu, limeota ukungu upande usiopata jua. Chini yake ipo shule ya msingi ambayo hakuna anayeiita kwa jina lililoandikwa ubaoni. Ni shule ya tangi, basi. Kutoka hapo unateremka mtaa wa juu, wa kuta ndefu na mbwa wakali, na ukifika mwisho wake unaanza mtaa wa chini: mabati, vichochoro, karakana za kuchomelea vyuma na mabanda ya mkaa.

Watoto wa chini ndio wanaosoma shule ya tangi. Wa juu huchukuliwa na basi la njano na kupelekwa shule ya kulipia upande wa pili wa mji. Kila asubuhi hawa walikuwa wakipanda kwa miguu, wale wakiteremka kwa basi, wakitoleana ndimi kupitia vioo.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mtu wa juu aliyefundisha watoto wa chini. Alikuwa mjane, tena mwenye kauli fupi. Aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya mtaa, inayopakana na mtaa wa chini, aliyoachiwa na baba yake. Nyumba chache juu yake alikaa kaka yake mkubwa, na mkewe, na mama yao mzazi. Kaka huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi.

Mwaka ule wezi waliingia kwa mwenyekiti mchana kweupe. Walimkuta mkewe peke yake, wakamfunga mikono kwa waya wa pasi, wakabeba walichotaka, kisha wakapotelea vichochoroni. Hawakumpiga. Lakini tangu siku hiyo mlango ukigongwa aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, na hakulala tena bila taa.

Mwenyekiti aliitisha kikao. Haukupita muda geti la chuma likawa limeziba mdomo wa mtaa kwa upande wa chini. Kila nyumba ilipewa rimoti yake, na mlinzi akapewa amri ya maandishi: kila nyumba ina haki ya wageni wake, ila mgeni asiye na mwenyeji arudi alikotoka.

"Na watoto wa shule?" mwalimu aliuliza kikaoni.

"Wazunguke barabara kuu."

"Barabara kuu ina malori ya saruji, kaka."

"Mke wangu amefungwa kama mbuzi wa kuchinjwa, wewe unaniletea habari za malori?"

Watu walipiga makofi. Mwalimu alikaa chini.

Kesho yake alfajiri alisimama getini na rimoti yake, akawafungulia watoto, wakapita. Akafanya hivyo kila siku. Haikuchukua muda kabla ya maneno kuanza. Kwenye kundi la simu la mtaa mtu aliandika kwamba kuna anayewafungulia fisi zizi. Asubuhi moja alikuta mfuko wa taka umepasuliwa mlangoni pake, maganda na nepi zimetapakaa mpaka kizingitini. Mke wa daktari, ambaye walisukana nywele tangu usichana wao, akaanza kumpita njiani kama anayepita nguzo.

Kisha rimoti ikagoma. Alibonyeza, akabonyeza tena. Upande wa pili watoto walikuwa wameshika vyuma, wakimtazama.

"Wameifuta, mwalimu," mlinzi alisema bila kuinua macho. "Na mimi nimeambiwa nikikufungulia, kazi sina."

Watoto wakazunguka barabara kuu. Ndipo binti wa muuza mkaa, mwanafunzi wa darasa lake aliyeitwa Kijino kwa ajili ya pengo lake la mbele, alipogongwa na ubavu wa lori akikwepa dimbwi. Hakufa. Mfupa wa paja ulivunjika, na dereva hakusimama.

Mwalimu alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Muuza mkaa, mama yake Kijino, alikuwa ameketi kando ya kitanda, kucha zake bado nyeusi. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe si wa huko juu?"

"Mimi ni mwalimu wake."

"Nimekuuliza wa wapi."

"Ndiyo, nakaa juu."

"Basi rudi juu. Mmefunga njia, mtoto kavunjika, sasa mnaleta machungwa. Toka nisije nikakukosea adabu."

Kijino alikuwa macho, akisikia yote. Mwalimu alitoka na mfuko wake. Kwenye ngazi za hospitali alilia, lakini si kwa huzuni. Ni ile hasira ya mtu aliyetukanwa na asiweze kusema ameonewa.

Alipitiliza hadi kwa kaka yake, akawakuta mezani.

"Mtoto wa darasa langu kavunjwa mguu na lori," alisema.

"Nimesikia, nimesikitika," kaka alijibu. "Lakini lori si langu."

"Geti ni lako."

"Geti ni la mtaa. Mimi ni mwenyekiti tu."

"Fungua saa za shule peke yake."

Wifi yake aliweka kijiko chini. "Wale waliokuja hapa walikuwa vijana wadogo," alisema polepole. "Mmoja alikuwa na sweta la shule ya tangi. Umewahi kuniuliza, wifi? Hata mara moja?"

Kweli mwalimu hakuwahi kuuliza.

Mama yao akaingilia kati. "Watu wanakula. Kama huna salamu, nenda kwako."

Akaenda kwake. Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulisikia nyundo. Nyuma ya nyumba yake, ukuta ulipakana na kichochoro cha mtaa wa chini, na fundi muashi alikuwa akiutoboa, tofali baada ya tofali. Mwenyekiti alifika mbio, amevaa ndala moja ya bluu, nyingine ya kijani.

"Umerukwa na akili? Unafanya nini?"

"Natengeneza mlango."

"Wa nani?"

"Wa wageni wangu. Kila nyumba ina haki ya wageni, umeandika mwenyewe."

"Utaleta wezi!"

"Wakija watafikia kwangu kwanza. Nyumba ya kwanza ni yangu, kaka, siyo yako."

"Dada, mimi nakuomba kama mdogo wangu. Usinilazimishe kufanya kitu kibaya."

"Usiombe. Fungua geti."

Mwenyekiti aliondoka, na aliporudi alikuwa amemshika mama yao mkono. Bi mkubwa alisimama kwenye vumbi la matofali, akihema.

"Ukuta huu baba yako aliujenga kwa mikono yake, wewe ukimpelekea maji," alisema. "Ukiendelea kuubomoa, usiniite mama."

Fundi alishusha nyundo. Alimtazama mwalimu, akamtazama bibi, akajikuna shingo.

Mwalimu alimgeukia fundi. "Endelea, fundi," alisema.

Jumatatu watoto waliingia kwa tundu lile mmoja mmoja, wakapita chini ya kamba ya nguo na mbele ya mlango wa jikoni, wakaelekea geti dogo la mbele linalotokea mtaani. Hapo wakakwama. Mwenyekiti alikuwa ameegesha gari lake likabana geti lile, yeye mwenyewe amesimama pembeni, mikono kifuani. Mtoto wa mbele alijaribu kujipenyeza nyuma ya bampa, akaligusa, na king'ora cha gari kikaanza kulia. Mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Mwenyekiti hakukizima. Watoto walijiziba masikio, wadogo wakaanza kulia.

Ndipo wifi yake mwalimu alipotokea barabarani, kichwa wazi. Alimpokonya mumewe funguo, akazima kelele zile, akaingia garini na kulirudisha nyuma hadi njia ikawa wazi.

"Unafanya nini?" mumewe alifoka.

"Sitaki kelele mtaani kwangu. Siziwezi!" Kisha akamgeukia mwalimu. "Na wewe usidhani niko upande wako. Nikiwaona hao watoto nawaona wale walionifunga. Wapitishe haraka."

Wakapita haraka.

Kamati ilimshtaki mwalimu kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akasema ua ni wa mwalimu, na tundu ni lake. Geti la chuma lipo mpaka leo. Mama yake hajakanyaga tena nyumba ile, na akikutana na binti yake njiani humwita "mwalimu", kama watu wengine.

Kijino alirudi shuleni akichechemea. Siku ya kwanza mama yake alimleta mwenyewe hadi ukutani. Mwalimu alikuwa uani akianika nguo, akamsalimu. Muuza mkaa hakuitika. Alilikagua tundu lile, akamvusha mwanawe taratibu, kisha akalitazama tofali moja lililochomoza chini.

"Hili litawakwaza watoto," alisema, kama anayemgombeza mtu. "Liondoe."

Akageuka, akateremka kichochoroni.