Fungu la Msamaha

"Hakuiba, hakupigana, hakushika mimba," alisema Salanieta. "Sasa niambie, shemeji, tunaomba msamaha wa nini?"

"Wa kuandika." Apenisa alinyoosha utepe kwenye fungu la mizizi ya kava, kinywaji cha heshima cha Fiji, lililolala magotini pake. "Na punguza sauti. Dirisha liko wazi."

Walikuwa wamekalia benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na ugomvi huo walikuja nao kutoka nyumbani. Apenisa ni kaka mkubwa wa mume wa Salanieta. Mume yuko Australia anachuma machungwa, kwa hiyo mdomo wa nyumba ni Apenisa. Kava ni yake pia, ya miaka minne, ameing'oa mwenyewe na kuikausha juu ya bati.

"Kazi yako ya jikoni iko mkononi mwa mwalimu mkuu," alisema. "Kiti cha mtoto darasani kiko mkononi mwake. Wewe una nini cha kugombana naye? Mwiko?"

"Mwiko pia ni wa shule."

Apenisa alicheka kidogo bila kutaka. Kati yao Vasemaca, miaka kumi na saba, alikuwa amekalia viganja vyake. Hakucheka. Siku ya tisa sasa hajacheka wala kulia, na usiku wa tisa mama yake analala mkeka mmoja naye, pindo la nguo ya binti amelizungusha kwenye kidole. Binti akijigeuza, mama anaamka. Asubuhi Salanieta anakwenda kumenya mihogo ya bweni huku macho yanamwasha, na kila baada ya sufuria moja anakimbia nyumbani kuhakikisha.

Yote yalitokana na sanduku. Lilitundikwa kwenye ukuta wa maktaba, la bluu, na juu yake bango: ONGEA, TUNAKUSIKILIZA. Mwanafunzi mwenye mzigo moyoni aandike, atumbukize. Ufunguo anao mshauri wa wanafunzi, mtu wa wizara. Mshauri ana shule ishirini na mbili. Alikuja mara moja, Februari, akagawa kalamu.

Mwezi huu mwalimu mkuu alisikia kwamba wageni wa wizara wanakuja, akaona afadhali ajue mapema kilichomo. Akavunja kufuli. Zilikuwemo karatasi tatu. Mbili zililalamikia nywele kwenye mchuzi. Ya tatu haikuwa na jina, lakini ni mwandiko wa Vasemaca, ule ule unaoandika ubaoni majina ya washindi kila mwisho wa muhula. *Nimechoka kuwapo. Naomba mtu wa kuongea naye kabla sijashindwa.* Chini kulikuwa na tarehe ya mwezi Machi.

Salanieta alisomewa maneno hayo akiwa bado na aproni. Kisha akaambiwa mtoto akae nyumbani mpaka ukoo utakapoleta soro, kava ya kuombea msamaha.

Waliitwa ndani. Mkeka ulikuwa umetandikwa mbele ya meza. Mwalimu mkuu, Bwana Waqanivalu, alikaa chini na wazee wawili wa kamati. Nafasi ya Salanieta na binti yake ilikuwa nyuma, karibu na mlango. Apenisa alipiga magoti, akaweka fungu katikati, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, akaanza kusema. Alisema vizuri, kama kawaida yake. Alisema mtoto wao ameichafua nyumba iliyomlea, kwamba ni ujinga wa utoto, kwamba wanainamisha vichwa. Alimgeukia Vasemaca, naye akainamisha chake. Kilikuwa kimeinama tayari.

Soro haikataliwi hivi hivi, na haikubaliwi kwa maneno matupu. Mkono wa anayeombwa ukishagusa fungu, jambo limezikwa. Atakayelifukua ndiye mkosaji.

Kabla ya kunyoosha mkono, Bwana Waqanivalu alieleza. Hakuwa na ukali. Alikumbusha habari za mvulana aliyejiua mwaka jana, waandishi getini, wazazi waliohamisha watoto. Shule haiwezi kubeba jambo kama lile mara ya pili. Jumatatu Vasemaca atarudi darasani, na hakuna mwalimu atakayemtaja. Wageni wataambiwa sanduku lilikuwa tupu.

"Na mshauri?" aliuliza Salanieta.

Wazee wa kamati waligeuka. Apenisa alifumba macho.

"Mama Vase, jambo litakuwa limekwisha," alisema mwalimu mkuu. "Mshauri aje kwa lipi?"

"Kwa mtoto. Aliomba mtu wa kuongea naye."

"Mshauri nimemwomba wizarani mara tano. Wameniletea bango." Alijifuta uso. "Nikiandika kwamba nina kesi, watanifungulia faili, mtu hawatanitumia. Nisaidie na mimi."

Salanieta alimtazama, akaona kwamba anasema kweli.

"Basi nipe karatasi yake nimpelekee daktari mjini."

"Karatasi ni ya shule."

"Sawa. Nitakwenda na aliyeiandika."

Mkono wa mwalimu mkuu ulikuwa umeshaanza kushuka. Salanieta alipita kati ya wanaume kwa magoti, akaliondoa fungu chini ya kiganja chake, akasimama nalo. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo mbele ya watu hawa. Apenisa alianza kumsihi kwa sauti ndogo, akitaja jina lake, kisha jina la mume wake, kisha la baba mkwe aliyekwisha kufa.

"Vase, inuka," alisema Salanieta.

Walivuka barabara hadi dukani kwa Kamla. Kamla alipima kava kwa macho, akagusa utepe.

"Ya soro hii, dada. Au ya msiba? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka nauli ya wawili mpaka Suva."

"Kwenda?"

Salanieta aliitaja kliniki. Kamla alimtazama Vasemaca, kisha akaacha kutania.

"Ile ya vichwa wanafungua Jumanne. Leo Ijumaa."

"Basi watatukuta mlangoni."

Kamla alilipa bila kulalamikia bei, akaongeza mikate miwili ya roti ndani ya gazeti. Basi lilikuja limejaa matope. Walikaa upande wa shule kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Apenisa alikuwa amesimama getini, mikono mitupu, hajui arudi ndani au aende nyumbani.

Basi lilipoanza kusogea, Vasemaca aligeuza uso dirishani. Kwenye ukuta wa maktaba mlinzi alikuwa amepanda kiti, na mwalimu mkuu amekishikilia kisiyumbe.

"Mama," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Wanaweka kufuli jipya."

Salanieta hakutazama. Alitafuta pindo la sketi ya binti yake, akalizungusha kwenye kidole.